Audi R8 ya salveji au Porsche 911 safi: ulinganisho kwa mnunuzi wa Nairobi

Mtu wa Nairobi aliyeweka akiba kwa miaka mingi akitamani gari la michezo hufika mahali ambapo macho yanamvuta upande mmoja na hesabu inamvuta upande wa pili. Upande mmoja ipo Audi R8 ya V10, gari ambalo mlio wake huwafanya wauza miche wa Barabara ya Ngong wageuze shingo, lakini ambalo liliwahi kupata ajali huko lilikotoka, likafutwa na kampuni ya bima, kisha likanunuliwa na kutengenezwa; gari lililofutwa hivyo ndilo huitwa salveji. Upande wa pili ipo Porsche 911 Carrera ya kawaida, isiyo na mbwembwe, ambayo haijawahi kuguswa na chochote zaidi ya changarawe za njiani. Bei za mtandaoni huonyesha kwamba ya kwanza ndiyo nafuu, na wengi huamua papo hapo.

Nitayalinganisha magari haya jinsi yanavyomfikia mnunuzi wa hapa, wala si jinsi yanavyosifiwa kwenye video za Ulaya. Nasema mapema kwamba kwa wanunuzi wengi mimi ningechagua 911, ila ipo R8 ya salveji ya aina moja ambayo ningeinunua, nami nitaieleza mahali pake.

Salveji ya kwao na salveji ya kwetu

Neno salveji lilizoeleka kutokana na hati za Marekani, ambako jimbo huandika kwenye hati ya umiliki kwamba gari lilihesabiwa kuwa hasara kamili. Vigezo hutofautiana: Florida hutumia kiwango cha asilimia 80 ya thamani ya gari, ilhali Texas husubiri gharama ya matengenezo ifikie asilimia 100. Gari likitengenezwa na kukaguliwa, hati hubadilishwa ionyeshe kwamba limejengwa upya, na alama hiyo hukusudiwa ilifuate maisha yake yote. Magari hayo, hata hivyo, yana usukani upande wa kushoto, na Kenya haisajili gari la kawaida la namna hiyo. Kwa hivyo, dalali anayekuonyesha picha za minada ya Marekani anakupotezea muda.

Salveji inayoweza kutufikia hutoka kwingine. Uingereza, tangu tarehe 1 Oktoba 2017, magari yaliyofutwa na bima huwekwa katika makundi manne: A ni la kusagwa lote pamoja na spea zake, B husagwa mwili baada ya spea zinazofaa kutolewa, S ni lililoumia katika muundo wenyewe wa gari lakini linatengenezeka, na N ni lililoharibika sehemu zisizo za muundo. Japani hawapigi muhuri wa namna hiyo kwenye hati, ila kwenye karatasi ya mnada gari lililowahi kuumia fremu huandikiwa daraja la R au RA badala ya namba. Kisha ipo salveji ya nyumbani: gari limeumia hapa hapa, kampuni ya bima imemlipa mwenye gari, na mabaki yanauzwa kwa zabuni, lilipo na jinsi lilivyo.

Tofauti kubwa iko kwenye karatasi. Logibuku la Kenya halina mahali pa kuandika kwamba gari liliwahi kufutwa. Ukilipa shilingi 550 kwenye eCitizen na kupekua rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, utaona mwenye gari, namba ya chasisi, namba ya injini na kama kuna benki inayolishikilia; hutaona kwamba lilibingirika. Mnunuzi wa Marekani hupewa punguzo kwa sababu doa limeandikwa, na mnunuzi wa Nairobi anaweza kuuziwa doa lile lile kwa bei ya gari safi kwa sababu hakuna karatasi ya hapa inayolitaja.

Ushuru hauoni ajali

Hili ndilo jambo linalogeuza ulinganisho mzima, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Wengi hudhani kwamba gari likinunuliwa kwa nusu ya bei, ushuru nao utakuwa nusu. Sivyo. Kwa magari yaliyotumika, mamlaka ya mapato, KRA, haianzii kwenye risiti yako. Huanzia kwenye bei ya rejareja ya gari la aina hiyo likiwa jipya, kisha huipunguza kwa kadiri ya umri wa gari. Kinachopunguza thamani ni umri, wala si historia ya ajali. R8 iliyogonga ukuta wa daraja na R8 iliyolala gereji ikiwa imefunikwa shuka, zikiwa za mwaka mmoja na za aina moja, hukadiriwa sawa.

Tuchukue mfano wa tarakimu za duara, tuache nauli ya meli kando. Tuseme R8 ina thamani ya forodha ya shilingi milioni 10, na kwamba iliyo safi inauzwa Uingereza kwa kiasi hicho hicho, ilhali ya kundi S iliyokwisha kutengenezwa inauzwa milioni 5. Ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni milioni 3.5. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 5,204, yaani imevuka 3,000, kwa hivyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 35 ya milioni 13.5, ambayo ni milioni 4.725. VAT ya asilimia 16 juu ya jumla hiyo ni milioni 2.916. Ongeza ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2, unapata jumla ya kodi ya takriban milioni 11.59. R8 safi imekugharimu milioni 21.59, ya salveji imekugharimu milioni 16.59. Punguzo lililokuwa asilimia 50 ulipokuwa ukitazama simu limekuwa kama asilimia 23 gari lilipofika bandari ya Kilindini, na bado hujalipia namba.

Sasa 911. Carrera ya toleo lililotoka mwishoni mwa 2015, na hata lile lililofuata la 992, hutumia injini ya turbo mbili yenye sentimita za ujazo 2,981. Sentimita 19 tu zimeiweka chini ya mpaka wa 3,000, na kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 25. Tuseme thamani yake ya forodha ni milioni 7 na bei yake ni hiyo hiyo: forodha milioni 2.45, ushuru wa bidhaa milioni 2.36, VAT milioni 1.89, ada na tozo shilingi 315,000. Kodi yote ni takriban milioni 7.02, na gari limesimama kwenye milioni 14.02.

Kule Uingereza, katika mfano huu, R8 ya salveji ilikuwa nafuu kuliko 911 kwa milioni 2. Hapa Nairobi imekuwa ghali kuliko 911 kwa zaidi ya milioni 2.5. Viwango hivi hubadilishwa na sheria za fedha mara kwa mara na wewe utaweka vya siku yako, lakini mwelekeo hautabadilika maadamu kodi inakokotolewa kwa thamani ya gari ambalo hujalinunua. 

Kuna pia kikwazo cha umri. Kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, KS 1515, hakiruhusu gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo kwa mwaka 2026 mpaka ni magari yaliyosajiliwa kuanzia 2019. Na kwa kuwa gari hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini ili kuthibitisha kwamba linafaa barabarani, salveji ya nje haiwezi kukufikia ikiwa bado imevunjika. Itakufikia imekwisha kutengenezwa, imekwisha kupakwa rangi, na mtu aliyeitengeneza hutamwona kamwe.

Kutokana na hayo, punguzo la kweli la salveji liko kwenye gari lililoumia hapa hapa Kenya. Kodi yake ilikwisha kulipwa na mwenye gari wa kwanza, hasara ilikwisha kumezwa na bima, na wewe unaweza kulizunguka likiwa bado limepasuka. Tutalirudia.

Mwili wa alumini na nyundo ya fundi

Ukiacha pesa, tofauti kubwa kati ya R8 iliyowahi kuumia na gari la kawaida lililowahi kuumia ni chuma chenyewe, au tuseme ukosefu wa chuma. Fremu ya R8 ni ya alumini, na toleo la pili, lililoanza 2015, limeongezewa nyuzi za kaboni kwenye ukuta wa nyuma ya viti na kwenye handaki la katikati. Fundi wetu wa bodi, ambaye simdharau hata kidogo kwa sababu nimemwona akirudisha Probox kutoka kaburini, amezoea chuma cha kawaida: hukipasha moto, hukivuta kwa mnyororo, hukigonga, na chuma humtii. Alumini haifanyi hivyo. Ikikunjwa huwa ngumu mahali pale pale ilipokunjwa, na ikinyooshwa hupasuka. Ikichomelewa, sehemu iliyopata joto hupoteza nguvu iliyopewa kiwandani. Njia inayokubalika ni kukata kipande kizima na kufunga kipya kwa ribiti na gundi maalumu, gari likiwa limebanwa kwenye meza ya vipimo, mahali ambapo hakuna vumbi la chuma, kwa maana chembe za chuma zikikwama kwenye alumini huanzisha kutu inayoila polepole chini ya rangi. Nyuzi za kaboni ni shida zaidi, kwa kuwa zinaweza kupasuka ndani na uso ukabaki laini kama yai.

Muundo wa 911 ni mchanganyiko wa chuma na alumini, kwa hivyo nayo si ya kila gereji. Lakini 911 tunayoilinganisha hapa haijawahi kuvunjika, na hiyo ndiyo faida unayoilipia. Likitokea la kutokea baadaye, Porsche ina kituo rasmi Nairobi, chenye kompyuta ya kampuni yenyewe, na kwa mnunuzi kituo hicho kina manufaa hata kabla ya kulipa, kwa sababu kinaweza kusoma kumbukumbu za injini na kukueleza ni mara ngapi iliwahi kuzungushwa kupita kipimo chake.

Jumamosi moja, Eneo la Viwanda

Shemeji yangu alinipigia simu akaniambia amepata R8 ya 2019, imeshasajiliwa, bei ya kutupwa, na kwamba muuzaji anataka jibu kabla ya jua kutua. Tulikwenda pamoja. Gari lilikuwa ndani ya gereji moja ya Eneo la Viwanda, limeoshwa likaoshwa tena, na muuzaji, kijana mstaarabu sana, alimkaribisha shemeji kwa “boss” na mimi kwa “mzee”.

“Mzee, hili halijaguswa,” alisema kabla sijauliza. “Mkwaruzo mdogo tu wa bampa, kule Uingereza.”

Nilikuwa na kipimo cha unene wa rangi. Hapa niseme jambo linalowaponza wengi: kipimo cha bei rahisi kinachotegemea sumaku hakisomi kitu juu ya alumini, kwa hivyo ukilipima R8 nacho utaambulia patupu, tafuta kile kinachosoma metali zisizovutwa na sumaku. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya mikroni 100 na 180. Mlango wa kulia ulisoma 120, wa kushoto 130. Kona ya nyuma kushoto ilisoma 410, na chini kidogo kipimo kikakataa kusoma kabisa. Vichwa vya boliti za upande ule vilikuwa vimechubuka rangi, ilhali vya upande wa kulia havijawahi kuonja spana.

Kisha nikavuta mkanda wa kiti cha abiria hadi mwisho. Karibu na kitako chake kuna kitambaa kidogo kilichoshonwa chenye tarehe ya kutengenezwa. Mkanda wa dereva uliandikwa 2019. Wa abiria uliandikwa 2021. Mikanda ya magari ya sasa ina kifaa cha kuikaza kinacholipuka wakati wa ajali pamoja na mifuko ya hewa, na kikishalipuka mkanda haufai tena. Mtu habadilishi mkanda wa gari la miaka miwili kwa sababu ya mkwaruzo wa bampa.

“Labda mikanda iliwaishia kiwandani, mzee,” alisema yule kijana, na shemeji akacheka mpaka akashika boneti.

Jambo la mwisho nililolifanya halihitaji kifaa. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi lazima iwake kwa sekunde chache, kisha izime. Isipowaka kabisa, mtu ameizima kwa njia yake. Ikizimika pamoja na taa nyingine kwa sekunde ile ile moja, kuna uwezekano imeunganishwa nayo ili kukuficha. Hii iliwaka na kuzima vizuri. Hata hivyo, hilo halithibitishi kwamba mifuko yenyewe ipo, kwa kuwa kipande kidogo cha umeme cha kuzuia mkondo kinaweza kuidanganya kompyuta iamini kwamba kila kitu kipo mahali pake. Ni mashine ya kusoma kompyuta hiyo, pamoja na kufungua kifuniko na kutazama kwa macho, ndizo zinazomaliza ubishi.

Tulimwomba picha za gari kabla ya kutengenezwa. Namba ya usajili ya Uingereza ikijulikana, kundi la salveji hupatikana kwa kulipa paundi chache, historia ya ukaguzi wa kila mwaka husomwa bure kwenye tovuti ya serikali yao, na mara nyingi picha za mnada huwa bado zinaelea mtandaoni. Muuzaji alisema namba ile haikumbuki. Cheti cha usajili wa Uingereza, ambacho kilitumika kuliingiza gari nchini, kilikuwa pia “kwa wakili”.

Kwa 911 nilifanya ukaguzi huo huo miezi iliyotangulia, kwa jamaa mwingine, na sina mengi ya kusimulia. Rangi ilisoma sawa pande zote isipokuwa bampa la mbele, mikanda ilikuwa ya mwaka wa gari, na daftari la huduma lilikuwa na mihuri. Ulinganisho mzuri wakati mwingine ni huo: gari moja lina hadithi, jingine halina.

Bima, benki na mnunuzi atakayekufuata

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inakulazimisha uwe na bima ya mtu wa tatu tu, na hiyo utaipata kwa gari lolote. Lakini hakuna mwenye akili timamu anayeendesha gari la milioni kumi na kitu kwa bima ya mtu wa tatu katika jiji lenye matatu na bodaboda kama letu. Bima kamili huhitaji mthamini, na hapo ndipo njia zinapoachana. Mthamini wa 911 ataandika bei ya soko na kazi imekwisha. Mthamini wa R8 ya salveji, akigundua, ataishusha thamani au kampuni itakataa. Asipogundua, wewe ndiye unayebeba siri. Mkataba wa bima umejengwa juu ya kusema ukweli wote unaohusu gari, na ukificha kwamba liliwahi kufutwa, kampuni ina sababu ya kukunyima fidia siku utakapoihitaji. Utakuwa umelipa malipo ya bima miaka yote kwa ajili ya karatasi.

Benki hufuata mthamini, kwa hiyo usihesabu mkopo.

Kuhusu kuuza, magari ya namna hii Nairobi yanajulikana moja moja. Waliopo kwenye vikundi vya WhatsApp vya wapenzi wa magari hulitambua kwa rangi na magurudumu, wanajua liliingia lini na nani aliliuza kwa hasara. Namba ya chasisi haibadiliki, na mnunuzi wako atakuwa na simu ile ile uliyokuwa nayo wewe. Kama ulilinunua likiwa na punguzo la asilimia 23, yeye atataka asilimia 40, na atakuwa na haki yake.

Tahadhari moja kuhusu karatasi za salveji ya hapa nchini: yapo mabaki yanayonunuliwa kwa ajili ya logibuku lake tu. Namba ya chasisi ya gari lililokufa hupandikizwa kwenye gari la wizi linalofanana nalo. Linganisha namba iliyogongwa kwenye fremu na ile ya kwenye kioo cha mbele na ya kwenye kompyuta ya gari, na ukiona alama za kuchomelea au kusuguliwa kuzunguka namba, usiulize bei.

Mwinuko wa Nairobi na matuta yake

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi. V10 ya R8 haina turbo. Ile ya nguvu za farasi 540 inapofika hapa inatoa kama 450. Turbo za 911 husukuma hewa zaidi kufidia upungufu huo na kupoteza kidogo tu, hivyo Carrera S yenye 420 kwenye karatasi haiko mbali. Pengo la farasi 120 limebaki kama 30. Anayetaka R8 kwa ajili ya mlio wake bado ana haki, maana mlio hauathiriwi na mwinuko, na sijasikia injini nyingine ya leo inayoimba vile ikivuka mizunguko 8,000. Anayeitaka kwa ajili ya kasi anakatwa mara mbili.

Kuhusu matuta, magari yote mawili ni ya chini, lakini baadhi ya 911 zina mfumo wa kuinua pua, na gari hilo lina viti viwili vidogo nyuma vinavyotosha watoto wawili wa shule ya msingi wasio na malalamiko. R8 ina nafasi ya watu wawili na mkoba wa tarakilishi.

Salveji ambayo ningeinunua

Ningenunua R8 iliyoumia hapa Kenya, ambayo bado haijatengenezwa, ambayo nimeiona kwa macho yangu ikiwa imevunjika, na ambayo uharibifu wake ni wa sehemu zinazofunguliwa kwa boliti: bampa, taa, boneti, milango, magurudumu, hata mkono wa springi, ilmradi mahali mkono huo unapofungwa kwenye fremu hapajasogea. Ningelipeleka kwenye alainimenti kabla ya kutoa zabuni, ikiwa linaweza kusukumwa, kwa sababu vipimo vya magurudumu husema haraka kama fremu imepinda. Ningeagiza bei ya kila spea kwanza, nikijumlisha ushuru wa spea zenyewe, kwa maana taa moja ya mbele ya gari la aina hii inaweza kula bajeti ya watu wawili. Pia ningefikiria lililoibiwa likapatikana limevuliwa viti na redio, au la Uingereza la kundi N lenye picha zake zote. Kundi S singeligusa kwa gari la alumini. Na gari lililozama kwenye mafuriko, kama yaliyozama Nairobi mwaka 2024, singelichukua hata kwa bure, kwa kuwa waya zake zitaendelea kuoza kwa miaka mingi na kila hitilafu itajitokeza mahali tofauti.

Mnunuzi anayefaa gari hilo ni mwenye gereji au mwenye fundi wa kudumu, mwenye gari jingine la kwenda kazini, anayekusudia kulikimbiza kwenye uwanja wa Whistling Morans kule Athi River na asiyefikiria kuliuza. Wengine wote, wakiwamo wanaonunua gari la kwanza la michezo maishani, 911 itawatendea haki zaidi.

Shemeji hakutaka kukata tamaa, kwa hiyo tulikokotoa bei pale pale kwenye kofia ya pipa la mafuta. Tulichukua bei ya soko ya R8 safi ya mwaka ule hapa Nairobi, tukatoa theluthi moja kwa kudhani kwamba ni la kundi S, tukatoa gharama ya kulifungua na kulipima fremu kitaalamu, tukatoa bei ya mifuko ya hewa upande wa abiria ambayo hatukuwa na hakika ipo. Kiasi kilichobaki kilikuwa chini ya nusu ya alichokuwa akitaka kijana yule. Shemeji akamtajia kwa heshima, pamoja na sharti la kuletewa cheti cha Uingereza kutoka kwa huyo wakili. Kijana alisema atazungumza na mwenye gari. Jumatatu tangazo lilirudi mtandaoni kwa bei ile ile, likiwa na picha mpya sita, zote zimepigwa kutoka upande wa kulia.